Alama zake zimekutwa pale pale, mbona mahakama imemwachia?

Swali: Shikamoo, mtaalamu. Nasoma sheria, mwaka wa kwanza. Nimekutana na hukumu ya kesi ya kuvunja nyumba usiku na kuiba. Mshtakiwa ameachiwa huru ingawa alama zake za vidole zilikutwa kwenye kioo cha dirisha, na mtaalamu alisimama mbele ya mahakama akaapa kuwa ni zake. Wenzangu wanasema hapo pana mkono wa mtu. Mimi najiuliza: sayansi ikishasema ni yeye, mahakama inatafuta nini tena? Mpelelezi afanye nini ili ushahidi wa namna hii usimame? Na kama isingekutwa alama yoyote, ingekuwa ndiyo kusema hakuwepo?

Jibu: Marahaba. Kabla hujakubaliana na wenzako, irudie hukumu hiyo uangalie jambo moja: alama zilikuwa upande gani wa kioo? Kama ni upande wa nje, kwenye dirisha linalotazama njia, watu wanaoweza kuziacha bila kuvunja sheria yoyote ni wengi: aliyesafisha vioo, aliyepaka rangi fremu, aliyeegemea pale akimsubiri mwenzake. Kama ni upande wa ndani, katika chumba ambacho mwenye nyumba anaapa hajawahi kumwingiza mshtakiwa, mambo yanabadilika kabisa. Mtaalamu ni yuleyule na kiapo ni kilekile, lakini hizo ni kesi mbili tofauti.

Alichothibitisha mtaalamu ni kwamba vidole ni vya mshtakiwa. Hakusema aligusa lini, kwa sababu hawezi. Mpaka leo hakuna kipimo cha kuaminika kinachoweza kuitazama alama ya kidole na kusema iliachwa saa nane za usiku wa Jumanne na si wiki tatu kabla yake.

Wanasayansi wa jinai huyagawa maswali ya kesi katika ngazi tatu, nami nakushauri uzishike tangu sasa kwa sababu zitakusaidia katika kila hukumu utakayoisoma. Ngazi ya kwanza ni chanzo: alama hii, damu hii, uzi huu umetoka kwa nani au kwenye nini? Ya pili ni tendo: ulifikaje hapo? Ya tatu ni kosa: tendo hilo ni jinai, na mhusika alikusudia? Swali la kwanza maabara hulijibu vizuri, mara nyingine vizuri mno. La pili hulijibu kwa tahadhari, tena likisaidiwa na maelezo ya eneo la tukio. La tatu si lake, ni la mahakama. Upande wa mashtaka hupenda kuruka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu kana kwamba ya pili haipo, na hapo ndipo kesi nyingi zenye "ushahidi wa kisayansi" huvunjika shingo. Nadhani na hii yako ni mojawapo.

Sasa linganisha na kesi ya mwaka 1892 katika mji wa Necochea, Argentina, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya mauaji kutatuliwa kwa alama za vidole. Watoto wawili waliuawa nyumbani kwao. Mama yao, Francisca Rojas, alimtaja mwanamume mmoja jirani, na huyo akakamatwa na kuteswa, lakini hakukiri. Inspekta Eduardo Álvarez, aliyekuwa amejifunza kwa Juan Vucetich, afisa wa polisi wa huko Argentina, namna ya kuainisha alama za vidole, alirudi katika nyumba ile akaona doa kwenye mlango: alama ya dole gumba, katika damu. Ilikuwa ya mama mwenyewe, naye akakiri.

Ukifikiri kwa haraka utasema: alama za mama kwenye mlango wa nyumba yake zina ajabu gani? Angeweza kuacha elfu moja. Uzito wa alama ile ulikuwa kwenye damu. Damu mbichi ilikuwapo kwa muda mfupi tu, kwa hiyo kidole kilichoichapa kiligusa mlango baada ya watoto kujeruhiwa na kabla damu haijakauka, ilhali Rojas alikuwa amekana kuwagusa. Damu iliipa alama ile muda, na maneno yake mwenyewe yakamfungia njia ya kujieleza. Hivyo ndivyo ngazi ya pili inavyojibiwa.

Umeuliza mpelelezi afanye nini. Kazi yote imejengwa juu ya wazo moja lenye jina la Edmond Locard, Mfaransa aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910: vitu viwili vikigusana, kila kimoja humwachia mwenzake kitu. Mwizi huacha unyayo na kuondoka na vumbi la kioo kwenye nguo. Wanaolinukuu wazo hili husahau kwamba halichagui mtu. Askari, daktari, jirani aliyekimbia kusaidia, mwandishi wa habari aliyepenya kupiga picha, wote nao huacha na kuondoka na kitu. Kwa hiyo nusu ya upelelezi wa eneo la tukio ni kutafuta, na nusu nyingine ni kujizuia.

Askari wa kwanza kufika huokoa maisha kwanza, hata kama atakanyaga kila alama iliyopo. Hilo halina mjadala. Akishamaliza hapo, anafunga eneo, tena kubwa kuliko linavyoonekana kuhitajika, maana kupunguza baadaye ni rahisi, ila ukitaka kupanua utakuta umati umeshapita. Inachaguliwa njia moja ya kuingilia na kutokea. Kila anayeingia anaandikwa jina, saa na sababu, na hii ni pamoja na wakubwa wanaokuja "kuangalia tu", ambao kwa uzoefu wangu ndio wagumu kuwaandika. Kisha zinapigwa picha za mbali, za kati na za karibu, na hizi za karibu ziwe na rula pembeni ili ukubwa usije ukabishaniwa. Unachorwa mchoro wenye vipimo. Hakuna kinachookotwa kabla hakijapigwa picha mahali kilipokutwa, kwa sababu kisu kilichokuwa chini ya kitanda na kisu kilichokuwa juu ya meza si ushahidi mmoja, na kikishaokotwa huwezi kukirudisha.

Kwenye kufungasha ndiko makosa ya kimyakimya yaliko. Shati lenye damu hukaushwa kwenye hewa safi, kisha huwekwa ndani ya karatasi. Ukilitia kwenye mfuko wa plastiki likiwa bichi, unyevu unabaki ndani, bakteria na ukungu vinashamiri, na vinasaba (DNA) ulivyotaka kuvipima vinaharibika. Mabaki ya moto unaodhaniwa kuwashwa kwa petroli yanataka kinyume chake: kopo au chombo kisichopitisha hewa, kwa kuwa mvuke wa petroli ukitoroka umepoteza kielelezo. Pia huchukuliwa kipande cha zulia lilelile sehemu isiyoungua, ili maabara ijue zulia lenyewe likiungua hutoa nini. Nguo za mshukiwa na za marehemu hazipiti meza moja, gari moja wala mikono ileile. Simu hutengwa na mtandao mara moja, maana mwenye nia anaweza kuifuta akiwa mbali. Na hata mpangilio wa vipimo una maana: brashi ya kupaka unga wa alama za vidole inaweza kuhamisha seli kutoka kitu kimoja hadi kingine, kwa hiyo sampuli ya vinasaba kwa kawaida huchukuliwa kwanza.

Halafu unakuja mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, sehemu ambayo wanafunzi huiona ya kuchosha na mawakili wa utetezi huipenda kuliko zote. Kila kielelezo kina namba, lakiri na saini. Lazima ijulikane nani alikiokota, wapi, saa ngapi, alimkabidhi nani, kilikaa kwenye kabati gani, nani alilifungua. Ganda la risasi likiokotwa Jumatatu na kupokelewa maabara Ijumaa, kuna siku ambazo mtu fulani lazima azieleze. Katika mahakama nyingi pengo dogo hupunguza uzito wa kielelezo, na pengo kubwa huweza kukiondoa kabisa. Angalia pia kielelezo chenyewe ni cha aina gani. Bunduki yenye namba yake ya kiwandani hujitambulisha yenyewe hata karatasi zikiwa na kasoro. Unga kwenye kifuko, au kichupa cha damu, hufanana na vingine vyote, na makaratasi ndiyo pekee yanayosema ni kile kile. Kwa vitu kama hivyo mnyororo hauna msamaha.

Sasa vinasaba, maana najua swali linalofuata. Watu wanaamini kwamba DNA haina udhaifu wa alama za vidole. Katika ngazi ya kwanza, ya chanzo, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Alec Jeffreys aligundua namna ya kutofautisha watu kwa vinasaba mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, na matumizi yake ya kwanza katika kesi ya mauaji yalianza kwa kumtoa mtu. Wasichana wawili walikuwa wameuawa katika eneo hilo, mwaka 1983 na 1986. Kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri moja ya mauaji hayo. Kipimo kikaonyesha kwamba aliyewaua ni mtu mmoja, na si kijana huyo. Kukiri kwake kulikuwa kwa uongo! Polisi wakawaomba maelfu ya wanaume wa vijiji vile watoe damu, na hakuna aliyelingana. Muuaji, Colin Pitchfork, alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake, na siri ikavuja pale mwenzake huyo aliposikika akiisimulia baa. Pitchfork alihukumiwa Januari 1988. Kipimo kilithibitisha, lakini kilichompata ni umbea na mtu mmoja aliyeamua kwenda polisi kuusema. Wanaodhani maabara imewastaafisha wapelelezi waisome kesi hiyo upya.

Kuna mtego wa namba unaowanasa hata mahakimu. Tuseme ripoti inasema uwezekano wa mtu yeyote asiyehusika kulingana na sampuli hii ni 1 kati ya milioni 1. Mwendesha mashtaka anasimama na kusema: "Basi uwezekano kwamba mshtakiwa hana hatia ni mmoja kati ya milioni." Siyo. Katika nchi ya watu milioni 10, utarajie watu kama 10 kulingana na sampuli hiyo. Kama huna kingine chochote dhidi ya mshtakiwa, yeye ni mmoja wa hao. Namba ya ripoti inajibu swali "asiyehusika atalingana kwa nadra kiasi gani?", na mwendesha mashtaka ameigeuza iwe jibu la "huyu anahusika kwa kiasi gani?" Sampuli nzima na safi siku hizi hutoa nadra kubwa zaidi, 1 kati ya mabilioni, na hapo mtego hupungua makali. Lakini sampuli nyingi za matukio halisi ni pungufu, au zina mchanganyiko wa watu watatu au wanne, na huko namba hushuka haraka sana.

Tatizo kubwa la sasa, hata hivyo, liko kwenye ngazi ya pili. Vipimo vimekuwa vikali kiasi kwamba chembe chache za ngozi zinatosha, na chembe husafiri. Mwaka 2012 huko California mtu mmoja alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vyake vilikutwa kwenye kucha za marehemu. Ikabainika kwamba usiku ule alikuwa amelazwa hospitalini, hajitambui kwa ulevi, na kumbukumbu za hospitali zilithibitisha hivyo. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua yeye ndio hao hao walioitwa saa chache baadaye kwenye nyumba ya marehemu. Ulinganisho ulikuwa sahihi kabisa. Vinasaba vilikuwa vyake, na yeye hakuwahi kufika pale. Alikaa mahabusu miezi kadhaa kabla hilo halijajulikana.

Kisa kingine kilicholiumbua jambo hili kilitokea Ulaya. Kwa miaka mingi polisi wa Ujerumani, Austria na Ufaransa walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikutwa katika matukio karibu 40: mauaji, wizi, uvunjaji, hata kifo cha polisi aliyepigwa risasi mjini Heilbronn mwaka 2007. Matukio hayakufanana kwa lolote. Mwaka 2009 ukweli ukatoka: vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichofungasha vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa vimetakaswa, lakini kutakasa huua vijidudu tu, vinasaba hubaki. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni hatua ndogo ambayo kila mwanafunzi wa kemia anaijua: pima kijiti kitupu kwanza. Ndiyo maana nikisoma ripoti ya maabara, jambo la kwanza ninalolitafuta ni sampuli tupu za kulinganishia. Jina la mshukiwa linaweza kungoja.

Na macho ya mtaalamu? Alama za vidole hulinganishwa na kompyuta katika hatua ya kutafuta, lakini uamuzi wa mwisho ni wa binadamu, na binadamu akishajua jibu linalotarajiwa huliona. Baada ya milipuko ya treni ya Madrid ya mwaka 2004, iliyoua watu zaidi ya 190, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilimtambua wakili mmoja wa nchi hiyo kwa alama iliyokutwa kwenye mfuko wenye viwashio vya mabomu. Wataalamu kadhaa wazoefu walikubaliana, hata yule aliyeteuliwa na mahakama kwa ajili ya utetezi. Polisi wa Hispania hawakukubali, na baadaye wakaihusisha alama hiyo na raia wa Algeria. Wakili aliachiwa, na FBI ikaomba radhi. Kilichofanya makosa yarundikane ni kwamba kila mkaguzi aliyefuata alijua mwenzake ameshasema "ndiye". Dawa yake inajulikana: mkaguzi wa pili apewe alama bila kuambiwa matokeo ya wa kwanza, na maelezo ya kesi yasiyohusu kazi yake afichwe. Ukiwa wakili, muulize shahidi kama ilifanyika hivyo.

Fani nyingine nitazipitia haraka. Alama za meno kwenye ngozi: jopo la wanasayansi lililomshauri Rais wa Marekani lilisema mwaka 2016 kwamba ziko mbali na kukidhi viwango vya kisayansi, nami siwezi kumfunga hata kuku kwa ushahidi huo. Nywele kutazamwa kwa darubini na kulinganishwa: mwaka 2015 FBI yenyewe ilikiri kwamba katika angalau asilimia 90 ya kumbukumbu za kesi zilizopitiwa, mashahidi wake walikuwa wamesema kupita kile sayansi inachoruhusu. Luminoli, ile dawa inayong'aa buluu gizani, huonyesha mahali panapoweza kuwa na damu, lakini hung'aa pia ikikutana na dawa za kung'arishia nguo na baadhi ya metali, kwa hiyo baada yake lazima kiwepo kipimo cha kuthibitisha. Saa ya kifo hukadiriwa kwa joto la mwili, kukakamaa na damu kutuama, na vyote hivyo hubadilika kulingana na hali ya hewa, nguo na unene wa mtu. Daktari anayekutajia saa moja kamili bila kukupa upana wa makadirio, mtilie shaka. Na simu iliyonasa mnara fulani husema simu ilikuwa katika eneo la mnara. Haisemi ilikuwa mkononi mwa nani.

Kwa hiyo mahakama, katika kesi yako, ilikuwa ikitafuta vitu vya kuizunguka ile alama. Mshtakiwa alipoulizwa mara ya kwanza alijibu nini? Kama alisema "sijawahi kukanyaga mtaa ule", alama inamsuta. Kama alisema siku ileile ya kukamatwa kwamba aliwahi kufanya kibarua hapo, je, mpelelezi alikwenda kumuuliza mwenye nyumba? Mali iliyoibwa ilionekana kwake? Alikuwa wapi usiku ule, na nani alikwenda kuhakikisha? Ushahidi wa mazingira unaweza kumtia mtu hatiani bila shahidi hata mmoja wa macho, sharti vipande vyote vielekee kwake na visiache maelezo mengine yanayoingia akilini. Alama moja kwenye kioo, bila kujua upande wala historia, huacha maelezo mengi. Hakimu hakuhitaji kuhongwa. Alihitaji tu mpelelezi aliyeacha kuuliza mara baada ya ripoti ya maabara kufika mezani, na hao wapo wengi.

Swali lako la mwisho: alama isipokutwa, ndiyo kusema hakuwepo? Inategemea kama palitarajiwa kuwa na kitu. Mtu anaweza kuvaa glavu, ukuta mkavu wenye chenga haushiki alama, mvua hufuta unyayo, kwa hiyo mara nyingi kukosekana kwake hakusemi lolote. Lakini chukua mauaji ya kisu katika chumba kidogo, damu imeruka hadi darini, na mshukiwa akakamatwa nusu saa baadaye na nguo zilezile alizoonekana nazo jioni, kavu, bila tone. Hapo kukosekana kwa damu ni ushahidi, tena mzito, na ni upande wa utetezi utakaoutumia. Ukikuta ripoti imeandika "hakuna kilichopatikana", shuka chini uangalie walitafuta wapi, kwa njia gani, na lini. Usipoyaona hayo, usiitumie ripoti hiyo kwa upande wowote mpaka aliyeiandika aitwe kueleza.